Uyoga mweupe wa kwenye nyasi: je, kuna kipimo cha nyumbani?

"Mtaalamu, habari za kazi. Tangu mvua zianze nimekuwa nikienda kutafuta uyoga mwituni kila mwisho wa juma. Nina programu ya simu inayotambua uyoga kwa picha. Wiki iliyopita nilikuta uyoga mkubwa mweupe umeota kwenye nyasi kwa mduara. Kofia ina magamba ya kahawia katikati na shina lina pete. Niliukata kwa kisu juu kidogo ya udongo, kwa sababu nilisoma kwamba kuung'oa kunaharibu mizizi. Kwa picha ya kwanza programu ilisema unaliwa, asilimia 91. Kwa picha ya pili ikatoa jina lingine kabisa. Nikachemsha kipande pamoja na kitunguu saumu, hakikubadilika rangi. Konokono walikuwa wameshautafuna pembeni. Nikaonja kidogo nikatema, hauna uchungu wowote. Sasa upo kwenye friji, na sehemu nimeikausha. Mume wangu anasema tuutupe, mimi naona uchungu. Je, kuna kipimo cha uhakika cha nyumbani? Na mtu anayejifunza peke yake aanzie wapi?"

Dada yangu, nianze na huo wa kwenye friji. Mumeo yuko sahihi. Utupe wote, mbichi na mkavu, na usimpe kuku wala mbwa. Sisemi hivi kwa kuwa nina hakika una sumu. Nasema kwa kuwa kwa maelezo uliyonipa hakuna mtu anayeweza kujua, hata mimi niliyeshinda porini na vikapu miaka yote hii. Uyoga usiojulikana hauliwi, basi. Kile kipande ulichoonja ukakitema, kama hukumeza kitu, kisikunyime usingizi.

Kipimo cha nyumbani ulichoulizia hakipo. Watu wamekitafuta tangu zamani, na kisa cha kutokipata ni kwamba "sumu ya uyoga" si kitu kimoja. Uyoga unaotapisha una kemikali zake, unaoua ini una zake, unaoharibu figo una zake, na unaovuruga akili una zake. Kemikali hizo hazifanani hata kidogo, sasa kitunguu kimoja kitazibaini vipi zote? Kitunguu saumu kikigeuka kijani au samawati, hiyo ni kemia yake chenyewe kinapokutana na asidi. Kijiko cha fedha kikiwa cheusi, kimekutana na salfa, ambayo hata yai linayo. Uyoga hatari kuliko wote utakaa na kitunguu chako kwenye sufuria moja na kila kimoja kitabaki na rangi yake.

Konokono nao wana miili yao. Wapo konokono na inzi wadogo wanaokula uyoga wa kuua watu wala wasidhurike, na baadhi ya inzi hao hutaga mayai humo humo. Panya wanaweza kuumeza wakaendelea na shughuli zao, kwa sababu utumbo wao hauipitishi sumu hiyo kama wetu unavyoipitisha. Alama ya meno ya mnyama kwenye kofia inakwambia mnyama alipita, haikwambii zaidi.

Ladha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Watu waliokula Amanita phalloides wakapona wameeleza kwamba ulikuwa mtamu. Huo ndio uyoga unaohusishwa na vifo vingi kuliko mwingine wowote duniani, na mara nyingi kofia moja tu iliyokomaa inatosha kumuua mtu mzima. Ukiuchemsha sumu haitoki, ukiukausha haitoki, ukiugandisha kwenye friji haitoki.

Naomba nikueleze sumu hiyo inavyofanya kazi, maana ukishaielewa hutahitaji mtu wa kukutisha. Inaitwa amatoksini. Ikishapita utumboni huingia kwenye seli za ini na kukishika kimeng'enya kinachonakili maagizo ya DNA. Seli isiyoweza kunakili maagizo haiwezi kutengeneza protini mpya, kwa hiyo inaendelea kuishi kwa akiba iliyokuwa nayo mpaka inaisha. Ndiyo maana mtu hasikii kitu kwa saa 6, mara nyingi saa 10 au 12, wakati mwingine karibu siku nzima. Anakula usiku, analala salama, asubuhi anaamka anatapika na kuhara kupita kiasi. Baada ya siku moja au mbili hali inatulia. Familia inashusha pumzi, na kama yuko hospitali wanaanza kuomba aruhusiwe. Kumbe ini linaendelea kufa. Sehemu ya sumu hutoka na nyongo, inarudi utumboni, inafyonzwa tena na kulirudia ini. Siku ya tatu hadi ya sita ndipo macho yanapogeuka manjano.

Turudi kwenye simu yako. Programu ya namna hiyo haitambui uyoga, inalinganisha picha na picha. Asilimia 91 maana yake ni kwamba picha yako inafanana sana na picha ilizofundishwa chini ya jina fulani. Haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 91 kwamba ni salama. Tena inachagua kati ya majina inayoyajua tu. Wanasayansi wameshazipa majina aina zipatazo 150,000 za kuvu, jamii ambayo uyoga umo, na makadirio ya mwaka 2017 yanasema aina zote huenda ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Ukiupiga picha uyoga ambao haumo kwenye orodha yake, programu haitanyamaza, itakupa wa jirani. Na picha ya juu ya kofia inaonyesha sehemu yenye habari chache kuliko zote. Mvua inaosha magamba, jua linafifisha rangi, kofia ya asubuhi na ya jioni si moja. Mimi mwenyewe ninayo programu ya aina hiyo. Naitumia kunipa wazo la ukurasa gani wa kitabu nianze kuusoma, na nikishafika hapo simu inarudi mfukoni.

Kisu ndicho kilichokuangusha zaidi, na hapa sikulaumu, kwa sababu ushauri wa kukata umeenea kila mahali. Uyoga wa jamii ya Amanita huanza maisha ukiwa umefungwa ndani ya utando kama yai. Ukikua, unaupasua utando huo. Kipande cha chini hubaki kama kikombe au mfuko unaokumbatia kitako cha shina, mara nyingi kikiwa kimezama kabisa kwenye udongo au majani makavu. Vipande vya juu hubaki kwenye kofia kama mabaka. Aina za kuua za jamii hii hutambulika kwa kikombe hicho kuliko kwa kitu kingine. Ukikata juu ya udongo, ushahidi unauacha shambani na mtuhumiwa unakwenda naye nyumbani.

Na hiyo "mizizi" uliyokuwa ukiihurumia ni mtandao wa nyuzi nyembamba uliosambaa chini ya ardhi. Huo ndio mwili wa kuvu wenyewe. Uyoga ni tunda lake tu. Watafiti wa Uswisi waliokota uyoga msituni kwa karibu miaka 30 wakilinganisha kukata na kung'oa, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba njia zote mbili hazikupunguza mavuno ya miaka iliyofuata. Kilichoyapunguza ni kukanyagakanyaga ardhi. Basi kwa uyoga usioujua, chimba taratibu kwa kijiti au ncha ya kisu, utoe na kitako kizima, kisha ufukie shimo.

Mduara ulioukuta nao chanzo chake ni mtandao huo. Kuvu huanzia sehemu moja na kutanuka kwenda nje kwa kasi ileile kila upande, kisha huzaa kwenye ukingo. Aina nyingi hufanya hivyo, zinazoliwa na zisizoliwa.

Sasa nikwambie kilichonijia kichwani niliposoma maelezo yako. Mweupe, mkubwa, kwenye nyasi wazi, magamba ya kahawia yaliyosongamana katikati, pete shinani: nilimfikiria Chlorophyllum molybdites. Huota kwa wingi kwenye nyasi za maeneo yenye joto na unafanana mno na Macrolepiota procera, ambao unaliwa na kusifiwa. Chlorophyllum kwa kawaida hauui mtu mzima mwenye afya, ila ndani ya saa 1 hadi 3 atatapika na kuhara hadi ajute kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo upungufu wa maji unaotokana na hayo ni hatari kweli. Tofauti kubwa kati ya hawa wawili ni rangi ya spora, yaani zile chembe ndogo kama unga ambazo uyoga huzitumia kuzaana. Za Macrolepiota ni nyeupe au krimu, za Chlorophyllum molybdites ni za kijani. Chlorophyllum ukiwa mchanga, matamvua yake, vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, bado ni meupe, na hapo jicho halina la kufanya.

Ila spora unaweza kuziona bila darubini. Kata kofia iliyokwisha kufunguka, iweke matamvua yakitazama chini juu ya kipande cha kioo, au karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi. Funika na bakuli ili upepo usiingie. Iache usiku kucha. Asubuhi utakuta unga umechora mistari ya matamvua, na rangi yake ndiyo habari. Nyeupe inakuweka karibu na Amanita na wengine wengi. Waridi ni ya Volvariella, uyoga unaoliwa Asia, na ya Termitomyces, ule uyoga wa vichuguu. Kahawia iliyoiva kama chokoleti ni ya Agaricus, jamii ya uyoga mweupe wa dukani. Kahawia ya kutu ikutie wasiwasi, kwa sababu humo wamo Galerina, uyoga mdogo wa kwenye magogo wenye amatoksini ileile, na Cortinarius wanaoua figo. Kwa hiyo ukisikia kwamba uyoga wa kwenye mti ni salama daima, mkumbuke Galerina. Rangi ya spora peke yake haikwambii kama unaliwa, ila inawafuta wengi kwenye orodha, na mimi nimewahi kuokolewa nayo zaidi ya mara moja kutoka kwenye majina niliyokuwa na hakika nayo.

Neno "kufuta" ndilo ninalotaka ulishike. Anayeanza hutafuta mfanano: huu unafanana na ule wa kwenye picha, basi ndio. Mzoefu hufanya kinyume. Anajiuliza huu ungeweza kuwa nani mwingine, halafu anawatoa mmoja mmoja, huyu kwa kitako, huyu kwa spora, huyu kwa harufu, huyu kwa rangi inayojitokeza nyama ikikatwa, huyu kwa mti uliokuwa karibu. Mti si pambo hapo. Kuvu wengi, wakiwemo Amanita wengi, hufungamana na mizizi ya miti fulani, wakiipa maji na madini na wenyewe wakipewa sukari. Amanita phalloides asili yake ni Ulaya, na ulivuka bahari na miche ya miti kama mialoni ukaenda kuota hadi Australia na Marekani. Hivyo andika kwenye daftari mti uliokuwepo, udongo, tarehe, na kama uyoga ulikuwa kwenye ubao uliooza, kwenye samadi au ardhini. Ukibakiwa na jina moja tu na kila alama inalikubali, hapo umetambua. Yakibaki mawili, hujatambua bado, hata kama moja unalipenda zaidi.

Kwa sababu hiyo, ningekuwa wewe mwaka huu wa kwanza nisingekula kitu chochote chenye matamvua. Najua nakunyima uyoga mwingi mzuri. Lakini wauaji wakubwa karibu wote wana matamvua, na nje yao kuna mengi ya kujifunza: uyoga wa masikio unaoota kwenye matawi makavu, laini kama jeli, uyoga ulio na vitundu kama sifongo chini ya kofia, ambao baadhi yao wana sumu lakini ni wachache, uyoga mviringo kama mpira. Huu wa mviringo una sharti lake. Upasue kutoka juu hadi chini, kila mmoja bila kuruka. Ndani pawe peupe pe, kama jibini, pasipo mchoro wowote. Pakiwa na zambarau au weusi, ni mwingine, na unadhuru. Ukiona umbo la kofia ndogo na shina limejichora ndani, umeshika yai la Amanita. Rudisha chini, kanawe mikono.

Chagua aina moja. Itazame ikiwa changa, imekomaa na imezeeka, imeloa na imekauka, msimu mzima, kabla hujaipeleka jikoni. Na ujue wanaofanana nayo kwa majina kabla hujaijua yenyewe kwa ladha. Hata uyoga wa vichuguu, ambao watu wengi wanaujua tangu utotoni, usiutambue kwa kichuguu peke yake, kwa kuwa uyoga mwingine nao unaweza kuota jirani. Fuata ule mkia mrefu unaoshuka ardhini kuelekea kwenye kiota cha mchwa, kisha angalia spora za waridi. Mchwa ndio waliokuwa wakilima kuvu hiyo chini, na mkia ndio unaothibitisha.

Utaniambia wapo wazee wanaojua bila haya yote. Ni kweli, na nimejifunza kwao mengi kuliko vitabuni. Ila ujuzi wao una mipaka ya mahali. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, huko Canberra, watu wawili walikufa baada ya kula Amanita phalloides iliyopikwa na mpishi mzoefu. Inadhaniwa waliufananisha na uyoga wa Volvariella waliouzoea kwao Asia, kumbe nchi waliyokuwemo ilikuwa nyingine. Na kula miaka mingi bila madhara nako si ushahidi kamili. Mtaalamu wa kuvu wa Ujerumani, Julius Schäffer, alikufa mwaka 1944 baada ya kula Paxillus involutus, uyoga ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa wa kuliwa. Huo huufanya mwili wa mlaji ushambulie damu yake wenyewe, na mara nyingi hufanya hivyo baada ya kuliwa tena na tena bila shida.

Itakapofika siku ya kula wa kwanza, uwe wa aina moja tu, upikwe ukaiva, ule kidogo, bila pombe, kwa kuwa kuna aina isiyo na tatizo mpaka ikutane na pombe. Mmoja mzima usiopikwa ubaki kwenye friji kwa siku kadhaa, ili ukiumwa uweze kutambuliwa. Usiokote kando ya barabara kuu wala kwenye shamba lililopigwa dawa. Uyoga hunyonya madini mazito kutoka kwenye udongo, na kupika hakuyatoi.

Na kama mtu ameshakula kisha ana wasiwasi, aende hospitali kabla hajaanza kuumwa. Asisubiri. Asijitapishe, asinywe maziwa wala mafuta. Chukueni mabaki ya uyoga kwenye mfuko wa karatasi, hata maganda, hata matapishi, na mumwambie daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Saa hizo mbili ni muhimu kuliko jina la uyoga. Dalili zikianza baada ya saa 6 au zaidi, daktari anapaswa kulifikiria ini hata kama mgonjwa anaonekana amepata nafuu. Zikianza mapema, mara nyingi ni sumu nyepesi zaidi, lakini kama sufuria ilikuwa na aina mbili, ya kwanza inaweza kuificha ya pili. Wote waliokula waende, hata asiyesikia kitu. Uyoga wa figo, Cortinarius, unaweza kukaa siku kadhaa hadi zaidi ya wiki mbili kimya. Mwaka 2008 huko Scotland watu wanne wa familia moja walikula uyoga uliookotwa porini, na watatu kati yao iliwalazimu kupandikizwa figo.

Kwa kujifunza, mtafute mtu wa kukushika mkono. Idara za botania za vyuo vikuu na makumbusho ya mimea huwa na mtu anayeshughulika na kuvu, na wengi wetu tunafurahi kupelekewa kikapu, ilimradi uyoga uwe mzima, kila aina kwenye mfuko wake wa karatasi. Usitumie plastiki, unaoza kabla hujafika. Siku moja porini na mtu wa namna hiyo ina faida kuliko mwaka mzima wa kupiga picha.

Ule mduara wako hautakwenda popote. Mvua zikirudi utazaa tena, pengine hatua moja nje ya pale ulipoukuta. Ukiuona, ung'oe mmoja na kitako chake chote, kofia uiweke juu ya kioo usiku kucha, kisha uniandikie ni rangi gani uliyoikuta asubuhi.